Uliza Bei Mbele ya Kushika Kazi

Juzi mwenzetu mmoja aliuliza hapa: namna gani kijana wa Mantapala anafanya kibarua toka Januari mpaka Desemba, na bado hana hata godoro? Nilitaka kujibu kwa sentensi moja, nikaona haitoshi. Naandika niliyoyaona mimi mwenyewe, na mwishoni kuna kosa langu pia.

Wengi wetu tulivuka mwaka 2017, vita vya Tanganyika na Haut-Katanga vilipotufukuza. Tulipokelewa Kenani, na mwanzo wa 2018 tukaanza kuhamishiwa Mantapala. Tulipewa kiwanja na shamba, na kwa hilo tunashukuru. Wazee wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe tulipewa kweli. Lakini muhogo haukomai kwa mwezi mmoja, na chumvi, sabuni, daftari za watoto, vyote vinataka kwacha leo. Ndiyo maana tunatafuta ganyu, kazi ya kulipwa kwa siku.

Mwaka juzi nilichukua pasi nikashuka Kashikishi, kule soko la samaki. Wanaojua wanajua: mitumbwi ya chisense inaingia ziwani usiku na taa, asubuhi inarudi. Kazi yangu ilikuwa kubeba ndoo toka mtumbwini, kuanika samaki juani, kuwageuza, na jioni kuwakusanya. Bwana aliyenichukua aliwauzia wafanyabiashara wa Kitwe na Ndola. Mimi sikuuliza bei. Niliona ni adabu mbaya, mkimbizi kufika kwa watu na kuanza kuulizia franga. Yeye akasema tu, "Tutaelewana mwisho wa wiki."

Siku ya nne mvua ikanyesha, sehemu ya samaki ikaoza. Siku ya sita akanipa kwacha 40 na meda moja ya chisense, ile galoni iliyokatwa wanayopimia sokoni. Nilipomwangalia, akasema: "Mvua imekula franga yako."

Hiyo sentensi ilinikaa kichwani njia yote ya kurudi. Samaki walikuwa wake. Siku ambazo jua liliwaka vizuri, faida ilikuwa yake. Mvua iliponyesha, hasara ikawa yangu.

Mtaniuliza, kwa nini sikubishana? Pasi yangu ilikuwa imebakiza siku moja. Zambia ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mnamo mwaka 1969, ila iliweka masharti yake kuhusu kazi na kuhusu kutembea. Mpaka leo, chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 2017, kutoka kwenye makazi kunataka pasi, na kuajiriwa kunataka kibali. Mtu wa kukupa kibarua anayajua hayo. Hana haja ya kukutisha. Anatazama tarehe ya pasi yako, basi. Kesho kutwa utakuwa umerudi Mantapala, na yeye atapata mwingine.

Nilirudi nyumbani nikimwambia mama kwamba wenyeji wanatuonea. Mama akaniuliza: "Na wale wanawake uliokuwa nao, walilipwa ngapi?" Sikuwa najua. Hata hilo sikuuliza.

Nilipopata pasi nyingine nikashuka tena, na nikauliza. Pembeni yangu alifanya kazi mama mmoja mzaliwa wa palepale, tulimwita bamayo kwa heshima. Ana watoto wanne, na kipande chake cha uraia anacho. Alikuwa analipwa vilevile: kidogo, mwisho wa wiki, na mvua ikinyesha inakula franga yake pia. Yeye hana shida ya pasi. Shida yake inaitwa Desemba. Tarehe 1 Desemba uvuvi unafungwa mpaka mwisho wa Februari, samaki wapate kuzaa. Sheria hiyo ina sababu nzuri, ziwa likiisha sote tumeisha. Lakini ndiyo miezi ya mvua, akiba ya chakula imepungua na unga umepanda bei. Watu wa ziwani nao wanapanda mashambani kutafuta ganyu, tunakutana huko wote, na mikono ikiwa mingi bei ya mkono inashuka. Asiyepata anaingia kwenye kaloba: unakopa kwacha 100, unarudisha 150. Machi ziwa linapofunguliwa, bamayo anaanza kazi akiwa na deni tayari. Mtu mwenye deni anakubali bei yoyote, sawasawa na mtu mwenye pasi ya siku moja.

Yeye ndiye alinifundisha neno la Kibemba lililonisaidia kuliko mengine yote: "Shinga?" Yaani, ni bei gani? Alisema liulizwe ndoo ikiwa bado chini. Ikishapanda kichwani, umechelewa. Na akasema mmoja akiuliza peke yake anafukuzwa, watano wakiuliza pamoja wanajibiwa.

Tulikuwa watatu tu, wenyeji wawili na mimi. Tajiri alinuna, lakini akataja: kwacha 45 kwa siku, na siku ya mvua nusu. Bado ni kidogo. Lakini kwa mara ya kwanza nilibeba ndoo nikijua nabebea nini, na Jumamosi hakukuwa na hadithi.

Sasa kosa langu. Mwaka jana shamba letu la muhogo lilijaa majani na mama alikuwa mgonjwa. Nilimwita kijana mmoja aliyefika karibuni toka upande wa Pweto, apalilie lima moja. Akauliza kwa sauti ndogo tutafanya namna gani. Nikamjibu: "Fanya tu, tutaelewana." Alimaliza siku tatu. Sikuwa na franga, nikampa beseni la muhogo mkavu. Akalipokea kwa mikono miwili, akasema, "Aksanti, yaya."

Usiku sikulala vizuri. Kila nilipofumba macho niliona ile meda ya chisense. Mimi sina mtumbwi wala duka, lakini kwa siku tatu nilikuwa tajiri wa mtu, na nilifanya kama wao. Asubuhi nilimfuata, nikamuuliza yeye mwenyewe kazi ile ni ya ngapi. Aliogopa kutaja. Mwishowe alisema kwacha 120. Nilimlipa kwa mafungu mawili, la pili baada ya kuuza kuku.

Ndugu zangu, kubadilisha sheria ya kibali hakuko mikononi mwetu leo, tuendelee kuwaomba wenye mamlaka. Lakini haya tunayaweza. Bei itajwe mbele ya kazi. Siku ziandikwe kwenye daftari, wote wawili waone. Mkubaliane nani anabeba hasara ya mvua. Na tukiwaita wenzetu mashambani kwetu, tuwafanyie vilevile.

Kijana yule bado anakuja kutusaidia. Siku hizi akifika, anasimama pembeni ya shamba na jembe liko chini. "Yaya, shinga?" Ninamtajia, ndiyo anaanza.