Sauti zenu zilibaki kidogo zife ndani ya mashine yangu

Ndugu wasikilizaji, na ninyi mnaosomewa maneno haya na watoto wenu kwenye simu, kwa majuma mawili mmeuliza kwa nini hamnisikii tena kutoka Kyavinyonge. Kuna waliosema nimehama. Kuna aliyesema nimepata kazi Goma, huyo namsamehe. Ukweli ni kwamba kompyuta yangu iliugua, na ndani yake mlikuwamo ninyi.

Ilianza na joto. Mashine niliinunua Butembo ikiwa imeshatumiwa na mtu mwingine, na mimi nimeitumia miaka sita. Butembo iko juu, zaidi ya mita 1,700, mtu analala na blanketi mbili. Sisi huku chini kando ya ziwa Edward tuko kwenye mita 900 na kitu, na saa saba mchana chini ya mabati hata mbwa hatembei. Tena mimi nilikuwa naandika habari nikiwa nimeweka mashine juu ya godoro. Meza ninayo, lakini tangu mwezi wa tatu 2024, Vitshumbi ilipoangukia mikononi mwa M23 na watu wakaanza kufika hapa, wengine kwa mitumbwi, meza iko upande wa familia tuliyoipokea. Wanaipikia, watoto wanaiandikia. Siwezi kuwaambia warudishe meza eti mashine inasikia joto.

Godoro linaziba matundu ya chini ambamo mashine inapumua. Hilo sikulijua. Nilijua tu kwamba inaunguza mapaja, na kwamba vantilateri yake, ile feni ndogo ya ndani, ilikuwa inalia kama nyuki, halafu siku moja ikanyamaza. Nilifurahi. Nikasema, angalau sasa ninaweza kurekodi bila kelele.

Kisha ikaja sauti nyingine. Tki, tki, tki, kimya kidogo, tki tena. Ilitoka upande wa kushoto, pale penye diski. Nikifungua rekodi ya dakika mbili, nangoja dakika kumi. Nikalaumu virusi. Kijana anayechajisha simu za watu kwa gurupe lake alinipa programu ya kuua virusi, nikaiacha ipekue diski nzima usiku kucha. Sasa ninajua nilichofanya: ni kama kumchukua mgonjwa wa moyo na kumkimbiza mlima wa Kyondo ili kuona kama kweli anaumwa.

Wiki tatu nilikaa na ile sauti. Wiki tatu.

Lazima niwaeleze kilichokuwamo, maana wengi mnafikiri radio inahifadhi kila kitu. Haihifadhi. Nikituma tangazo, radio inalirusha mara mbili au tatu, kisha linafutwa, sababu mashine yao pia imejaa. Lakini mimi huku nilikuwa naweka. Kila mtu aliyefika akaongea nami: jina lake, alikotoka, nani alipotea njiani, nani anaweza kumtambua kwa sauti. Zilikuwa kama 140. Baadhi zimeshazaa matunda, mnamkumbuka yule mama aliyesikiwa na dada yake akiwa Kasindi. Nyingine bado zinangoja mtu wa kuzisikia.

Na kati yao kulikuwa na sauti ya mzee mmoja mvuvi wa Vitshumbi. Tulikaa naye jioni nzima kando ya maji. Alinihesabia nyavu alizoziacha, akaeleza namna walivyovuka usiku bila taa, kisha akataja wajukuu wake mmoja mmoja, wale wawili ambao hawakupanda mtumbwi. Baada ya miezi miwili alifariki hapa hapa. Binti yake alikuja kwangu siku ya matanga, akasema: “Kaka, siombi pesa. Niwekee sauti ya papa kwenye simu yangu.” Nikamwambia, njoo Jumatatu. Jumatatu mashine haikuwaka.

Habari ilienea, na hapa Kyavinyonge kila mtu ni fundi. Walioshauri kwa nguvu zaidi walisema: weka diski kwenye konjelateri, ikipoa vizuri itaamka. Walikuwa wamesoma kwenye simu. Joto ndilo lililoiua, kwa hiyo baridi itaiponya, hesabu yake inaonekana nzuri. Niliichomoa ile diski, nikaifunga kwenye mifuko miwili ya plastiki, nikaenda kwa mama mmoja anayehifadhi samaki. Akanitengea nafasi kati ya tilapia, bila kucheka. Kisha, kabla ya kufunga kifuniko, akaniuliza: “Mwandishi, hawa samaki nikiwatoa humu wanatoka jasho. Mashine yako inapenda maji?”

Nikarudi nyumbani na diski yangu.

Kesho yake nilipanda pikipiki kwenda Butembo. Ile barabara ya kupanda Kyondo mnaijua, mashimo hayana haja ya kutajwa. Diski niliikunja ndani ya sweta la sufu, nikaishika kifuani kama mtoto. Motari aliuliza kama nimebeba mayai.

Fundi wa Butembo ni kijana mdogo kwangu, lakini siku hiyo nilimwita mkubwa. Kwanza alinikataza kuiwasha tena, hata kidogo. Akachukua diski mbovu ya zamani, akaifungua nione. Ndani mna sahani inayong'aa kama kioo, inazunguka mara 5,400 kwa dakika, na mkono mwembamba unaosoma bila kuigusa. Nafasi kati ya mkono na sahani ni ndogo kiasi kwamba unywele wa mtu ni mlima. Ile tki tki ni mkono unaotafuta mahali pake, haupaoni, unarudi kuanza upya. Kila ukiiwasha unauhatarisha kuikwaruza sahani, na sahani ikikwaruzwa, sauti iliyokuwa pale imekwenda.

Nilimsimulia habari ya konjelateri. Akashika kichwa. Juu ya diski kuna tundu dogo la kupitishia hewa, akanionyesha, na pembeni yake wameandika usilizibe. Ukitoa kitu cha baridi kwenye hewa ya ziwani, unyevu unatanda ndani, juu ya sahani. Yule mama wa samaki alikuwa amejibu sawasawa na fundi, na hakunidai kitu.

Nilipomwambia kwamba joto limeniua, hakukubali haraka. Vantilateri kweli ilikuwa imekufa, imejaa vumbi na vile vidudu vidogo vya ziwani vinavyofuata mwanga wa taa, na diski ilikuwa inafika digrii 61 wakati watengenezaji wa diski kama hiyo kwa kawaida wanaweka mpaka kwenye 60. Halikusaidia. Lakini akanionyesha utafiti ambao wahandisi wa Google walitoa mwaka 2007, baada ya kufuatilia diski zaidi ya 100,000. Ungetegemea wakute joto ndilo muuaji mkubwa. Hawakukuta hivyo, ila kwa joto kali sana na kwa diski zilizozeeka, kama yangu. Walichokuta ni kwamba diski ikishaonyesha kosa lake la kwanza la kusoma, hatari yake ya kufa ndani ya siku 60 inakuwa mara 39 ya ile isiyo na kosa. Na zaidi ya nusu ya zilizokufa hazikuwa zimetoa hata moja ya dalili zile kubwa za onyo walizokuwa wanazifuatilia.

Basi mimi diski yangu ilikuwa na huruma. Ilinionya wiki tatu, tki tki, na mimi nikaipa kazi ya kutafuta virusi.

Kazi yenyewe ilichukua siku mbili na usiku mbili. Diski ilikaa wazi mezani, feni ikiipuliza, na hewa ya Butembo ikasaidia. Alitumia programu inayoitwa ddrescue. Haing'ang'anii mahali pabovu: inachukua kwanza vilivyo vizima, inaruka palipoharibika, mwishoni ndipo inarudi kujaribu makombo. Inaandika pia ilipofika, hivi kwamba moto ulipokatika usiku wa kwanza, haikuanza upya. Mimi nililala kwenye kiti. Kila nikishtuka nasikiliza kama tki tki imerudi.

Tulipata rekodi 123. Zilizopotea kabisa ni 17.

Ya mzee mvuvi ilipatikana nusu. Nyavu zimo, kuvuka usiku kumo, hata maji yanasikika nyuma yake. Anaanza kutaja wajukuu, anataja wa kwanza, wa pili, kisha sauti inakatika. Nilimwambia binti yake kabla sijamwekea, nisimdanganye. Alisikiliza mara mbili, simu sikioni, akigeukia ziwa. Akaniambia: “Wengine nitawataja mimi mwenyewe.” Akasema wasingya, akaenda. Ningependa angenigombeza.

Sasa ninayo diski nyingine, ile aina isiyozunguka, yaya wangu wa Butembo amenikopesha dola za kuilipia. Mashine inakaa juu ya ubao, si godoro. Rekodi zote ziko mahali pawili, na nakala ya pili haiko nyumbani kwangu wala hapa Kyavinyonge. Siwaambii iliko, mnajua sababu.

Nyote mlioongea nami tangu mwezi wa tatu 2024: piteni kwangu jioni, kuanzia saa kumi, mkiwa na simu au kadi ya memori. Nitawawekea sauti yenu wenyewe, na ya wazee wenu, bila kulipa. Wale 17 sikubandika majina mlangoni, kwa sababu ile ile. Niulizeni ana kwa ana, tutarekodi upya. Asubuhi msinitafute nyumbani, ninakuwa chini, pale mitumbwi inapotua.