Njia ya Kupanda Mulago

Barabara itokayo Bombo kwenda Kampala huanza kwa utulivu. Hupita Matugga, ikaingia Kawempe, kisha Bwaise, na hapo msafiri hutambua kuwa amefika mjini kwa msongamano wa teksi, pikipiki na watu wenye mizigo. Mbele kidogo barabara hupita kati ya vilima viwili. Mkono wa kuume ni Makerere, kilima cha chuo kikuu. Mkono wa kushoto ni Mulago, kilima cha wagonjwa. Askari wengi wa Bombo wameipita njia hii miaka nenda miaka rudi bila kuinua macho. Yule ambaye figo zake zimekoma kufanya kazi hukitazama kilima cha kushoto kwa namna nyingine kabisa.

Hospitali ya Mulago ilianzishwa mwaka 1913, na majengo yake makubwa yalifunguliwa mwaka 1962, mwaka wa uhuru. Shule ya udaktari ya Makerere, iliyoanza mwaka 1924, iko papo hapo kilimani. Hata hivyo kazi ya kupandikiza figo ilichelewa kufika. Kwa muda mrefu mgonjwa wa Uganda alifunga safari kwenda India pamoja na ndugu wa kumpa figo, nao waliobaki nyumbani wakauza ng'ombe au kiwanja. Katika mwaka 2023 nchi ilipata sheria ya utoaji na upandikizaji wa viungo, na mwezi wa Desemba mwaka huo huo madaktari wa Mulago, wakisaidiwa na wenzao wa India, walipandikiza figo ya kwanza hospitalini hapo.

Lakini kabla ya Mulago kuna Kiruddu. Hospitali hiyo iko kusini mwa jiji, kwenye Barabara ya Salaama, nayo ina mashine za kusafisha damu. Mtu wa Bombo atibiwaye huko hapana budi avuke jiji zima, alale kwenye mashine kwa muda wa saa nne hivi, kisha arudi akiwa amelegea. Na baada ya siku mbili tatu aanze upya. Wengine huona heri kupanga chumba karibu. Mke wa mgonjwa hujifunza mambo mapya ya jikoni: chumvi kidogo, maji kwa kipimo, na matoke kuchemshwa katika maji mengi ambayo humwagwa, kwa kuwa ndizi zina potasiamu nyingi ambayo figo mbovu haiwezi kuitoa, nayo huweza kuusimamisha moyo. Anayepita soko la Kalerwe, penye mikungu iliyorundikwa tangu alfajiri, ataelewa jinsi marufuku hiyo ilivyo nzito kwa mtu aliyelelewa kwa matoke.

Basi mgonjwa kama huyo, tuseme sajini mwenye watoto wanne, anaambiwa kwamba anaweza kupandikizwa figo iwapo ndugu wa damu atakubali kumpa. Hapa ndipo matayarisho yaanzapo hasa, wala si katika kufunga sanduku. Sajini amezoea kutoa amri na kutiiwa. Nyumbani ana mdogo wake aliyemlipia karo tangu darasa la kwanza. Baraza la ukoo linakaa, wazee wanasema maneno yao, na macho yote yanamgeukia kijana yule. Nani atathubutu kukataa mbele ya wajomba na mashangazi?

Ndiyo sababu madaktari humwita mtoaji peke yake. Humweleza kwamba figo moja yenye afya yatosha kumweka mtu hai, lakini kwamba upasuaji una hatari zake, kwamba atakuwa na kovu, na kwamba atapaswa kupimwa kila mwaka maisha yake yote. Humwuliza kama ameahidiwa fedha au shamba, maana sheria inakataza kuuza kiungo cha mwili. Humwuliza pia kama anaogopa. Akisema hataki, jamaa huambiwa tu kwamba hafai, bila kuelezwa zaidi. Huo si uongo. Mtu asiyetaka hafai. Sajini mwenye busara atamwambia mdogo wake maneno hayo hayo mapema, faraghani, na kwa sauti isiyo ya gwaride.

Vipimo vyafuata, navyo huchukua majuma mengi. Makundi ya damu sharti yapatane. Kisha damu ya wawili hao hukutanishwa katika maabara ili kuona kama ya mgonjwa itaishambulia ya mtoaji. Hutazamwa moyo, mapafu, homa ya ini, virusi vya Ukimwi, kifua kikuu, hata meno, kwa kuwa jino bovu linaweza kuwa hatari kubwa kwa mtu ambaye kinga yake itapunguzwa kwa dawa. Chanjo zinazopasa kuchanjwa huchanjwa kabla, kwani baadhi yake haziruhusiwi tena baadaye. Mvutaji wa sigara huacha.

Mkoba wenyewe ni mdogo: nguo pana zisizobana tumbo, kwa sababu figo mpya huwekwa chini ya tumbo upande mmoja, na zile za zamani aghalabu huachwa mahali pake, ndara, sabuni, dawa zote anazotumia katika pakiti zake, saa, na daftari la kuandika maji anayokunywa na mkojo anaotoa. Desturi ya jamaa kumi kulala kwenye mikeka ukumbini na masufuria yao haifai hapa. Aliyepandikizwa hukaa mbali na watu, na mwenye kikohozi hamkaribii hata akiwa mama mzazi. Achaguliwe mtu mmoja wa kumwuguza, mpole, ajuaye kusoma. Na mwingine kwa ajili ya mtoaji, ambaye mara nyingi husahauliwa siku ile ile ya upasuaji, kila mtu akikimbilia kitanda cha pili kuona kama mkojo umetoka.

Dawa za kuizuia kinga isiikatae figo ni za maisha. Takrolimasi humezwa mara mbili kwa siku, saa kumi na mbili kati ya kipimo na kipimo. Kwa mtu wa zamu za usiku jambo hili halina budi kupangwa na wakuu wake mapema. Balungi halilwi, kwani huivuruga dawa hiyo. Katika miezi ya kwanza kliniki huitwa mara kwa mara, kwa hiyo kodi ya chumba iwekwe akiba kabla ya kulazwa, si baadaye.

Mtoaji huondoka kwanza. Baada ya siku chache hushuka kilima polepole hadi kituo cha teksi cha Wandegeya, naye kwa majuma sita hivi asibebe kitu kizito. Mkoba wake hubebwa na shemeji, ambaye humkalisha dirishani mpaka Bombo.