Hesabu za mtoto nusura zituvunjie nyumba

Jamani, wengine hugombana kwa sababu ya simu, wengine kwa sababu ya mawifi. Mimi na mume wangu tuligombana kwa sababu ya 52 toa 38.

Ilikuwa Jumapili jioni. Binti yetu yuko darasa la pili, na baba yake, ambaye ni mhasibu, alikaa naye mezani kumsaidia kazi za shule. Mtoto akaandika 26. Baba akafuta. Akaandika tena 26.

“Si nimekwambia ukope jirani!” sauti ikapanda.

“Nikope kwa nani?” mtoto akauliza kwa kunong’ona.

Wifi yangu, aliyekuja kututembelea, akaangua kicheko. Mume wangu akafunga daftari, akanigeukia: “Hii akili ya hesabu imetoka kwenu.”

Mwenzangu, maneno yale yalinichoma, tena kwa sababu yalikuwa na ukweli ndani yake. Hesabu naziogopa tangu shule ya msingi. Hadi leo tukienda kula na wenzangu wa ofisini, bili ikija nasingizia naenda msalani ili mwingine aigawanye. Usiku ule tulilala mzungu wa nne. Ila kilichoninyima usingizi si mume, ni swali la mtoto wakati namfunika shuka: “Mama, mimi ni mjinga?”

Kesho yake nikaomba ruhusa kazini, nikaenda kumwona mwalimu wake. Nilidhani ataniambia nitafute tuisheni. Akalitazama lile jibu, akatabasamu.

“Huyu hajakosea ovyo, mama. Ametoa tatu kwenye tano, kapata mbili. Kuja kwenye mbili toa nane, kaona haitoki, kageuza: nane toa mbili, sita. Kwake 52 ni tano na mbili zimekaa jirani. Hajaona kwamba ile tano ni makumi matano.”

Akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Kumi na mbili inajieleza yenyewe: kumi, na mbili juu yake. Lakini ishirini, thelathini, arobaini, hamsini ni maneno yaliyotoka Kiarabu, na mtoto akiyasikia hasikii kumi yoyote ndani yake. Kwa hiyo yeye darasani huwaambia waseme kwanza “makumi matano na mbili”, ndipo waseme hamsini na mbili.

Jioni nikapitia dukani, nikanunua vijiti vya kuchokonolea meno. Tukakaa sakafuni, mimi na binti yangu, tukafunga mafungu ya kumi kumi kwa uzi. Mafungu matano, na vijiti viwili pembeni. Nikamwambia, nipe vinane. Akatazama vile viwili, akatazama mafungu, akanitazama mimi. Halafu, bila kuambiwa, akafungua fungu moja. Sasa ana mafungu manne na vijiti kumi na viwili. Akanipa vinane, akabaki na vinne. Akanipa mafungu matatu, likabaki moja.

“Kumi na nne! Mama, kumbe sikopi kwa mtu. Nafungua zangu mwenyewe!”

Msomaji, nusura nilie. Miaka yote nimekuwa “nakopa” bila kujua nakopa nini.

Tukaendelea kila jioni, dakika kumi na tano tu. Siku moja nikamtajia mia tatu na nne, akaandika 3004. Ameandika alichosikia: 300, halafu 4. Nikakata vikaratasi, nikaandika 300 kwenye kirefu na 4 kwenye kifupi, nikalaza kifupi juu ya sifuri ya mwisho. Ikasomeka 304. Akaona mwenyewe kwamba ile sifuri ya katikati inalinda kiti cha makumi ambayo hayapo. Tukajizoeza pia kukisia kabla ya kuandika: 52 ni karibu na 50, 38 ni karibu na 40, basi jibu haliwezi kuwa mbali na kumi. “Sasa 26 ilitoka wapi?” akajicheka mwenyewe.

Mume wangu alikuwa anatuangalia kwa pembeni, gazeti mkononi. Wiki ya pili akaja na pakiti ya vile vimpira vya kufungia noti, akaiweka chini bila kusema neno. Halafu akatoa pochi. Noti tano za 1,000 na sarafu mbili za 100.

“Mimi ni muuza duka. Nunua mchele wa 3,800.”

Mtoto akawaza kidogo. “Baba, kwanza nichenjie noti moja.” Akapewa sarafu kumi za 100. Akalipa, akabaki na 1,400, akakimbia kumwonyesha dada wa kazi.

Tulipobaki wawili, mume wangu akasema taratibu, “Ile siku nilikukosea. Tena mbele ya dada yangu.” Na wifi alipokuja tena, akarudia maneno hayo mbele yake. Basi, yakaisha.

Kwa wewe mwenye mtoto wa umri huo: akikosea hesabu, usikimbilie kufuta wala kufoka. Muulize, “Umepataje?” Mara nyingi ana sababu yake, na ukiijua sababu ndipo utajua pa kuanzia. Na wewe baba, kabla hujasema akili imetoka upande gani, kaa chini ufungue fungu moja naye.

Juzi ofisini bili ilikuja. Sikwenda msalani.