Lubunga na tribinali: nani anaulizwa neno lake?

Kwetu Fizi, sisi Babembe tukitaja lubunga hatutaji nyumba tu. Ni fasi ya wanaume kuketi, kula pamoja, kupokea mgeni, kufundisha vijana, na pia kukata maneno. Tuliokulia pembeni ya ule moto tunajua vile kesi ya mwizi wa mbuzi ilivyokuwa inaenda. Aliyeibiwa alisema wa kwanza, wala hakuna aliyemkatiza. Kisha mzee alimgeukia yule mwingine: «Na weye, uko na neno gani?» Mashahidi waliitwa, methali zikapigwa, na kama ushuhuda haukutosha, neno lililazwa mpaka kesho. Aliyeshindwa alirudisha mbuzi na kuongeza mwingine juu yake. Jamaa yake ilimsaidia kulipa, na yule wa pili aliliwa na pande zote mbili.

Wataalamu wa sheria wanasema watu huadhibu juu ya sababu nyingi: mkosefu apate yanayomstahili, wengine waogope, mtu wa hatari atengwe, aliyepotea ageuke, aliyeumia arudishiwe chake. Wazee wetu hawakusoma vile vitabu. Lakini mbuzi wa kwanza alikuwa malipo, wa pili alikuwa fundisho na mapatano. Na jamaa iliyolipa, kutoka siku ile ilimchunga mtoto wake vizuri sana!

Serikali nayo iko na njia yake. Kanuni ya adhabu ni ya 30 Januari 1940, na ile ya mwenendo wa kesi ni ya 6 Agosti 1959; zimetengenezwa mara nyingi, lakini zingali zinatumika. Katiba ya 18 Februari 2006 inaagiza kwamba mtu akikamatwa aambiwe sababu palepale, kwa luga anayoisikia, na polisi wasimweke buloko kupita masaa 48: wamwachilie ao wamfikishe mbele ya wakubwa wa sheria. Kisha parke inachunguza, juji anasikiliza pande zote na kukata. Kosa ambalo kifungo chake hakipite miaka 5 ni la tribinali ya amani. Likipita hapo, linaenda kwa tribinali ya juu yake. Asiyeridhika ana siku 10 za kuomba rufani. Na mpaka hukumu ya mwisho, mtuhumiwa anahesabiwa kuwa hana hatia.

Njia hiyo ni nzuri, lakini kwa mtu wa kijijini ni ndefu, inakula pesa, na mara nyingi inasema Kifaransa. Ndiyo maana wengi wanabakia kwa wazee, na hatuwalaumu.

Lakini kuna kesi moja ambayo lubunga haiiwezi, nayo ni ya msichana aliyebakwa. Mara ngapi tumesikia: «Ni mambo ya jamaa, tumalize hapa hapa»? Mbuzi wanahesabiwa, baba anapokea, ao mtoto anatolewa aolewe na yule yule aliyemharibu. Tupime jambo hilo kwa kipimo cha wazee wenyewe. Mbuzi wa mwizi alirudi kwa aliyeibiwa. Mbuzi wa mbakaji wanaenda kwa baba. Msichana hakuketi pale, na hakuna mzee aliyemwuliza: «Na weye, uko na neno gani?» Sasa, hukumu isiyomsikiliza aliyeumia tutaiitaje desturi ya mababu?

Sheria namba 06/018 ya 20 Julai 2006 iliweka kwa ubakaji kifungo cha miaka 5 mpaka 20, na ikamtia hatiani pia mzazi anayemlazimisha mtoto wake kuolewa. Namba 06/019, ya siku ile ile, ilikataza kesi kama hizo zimalizwe kwa kulipa amande bila kufika kwa juji. Katiba yenyewe inakubali desturi kwa tribinali, kama haipingane na sheria na mwenendo mwema.

Basi, ndugu zetu wasomaji, tuseme hivi. Mbuzi aliyeibiwa, mpaka wa shamba, matusi ya jirani: vibaki kwa lubunga, na wamama waitwe nao waketi. Damu na ubakaji viende kwa parke, na mzee awe wa kwanza kumsindikiza mtoto. Majuji nao wajifunze kwetu kitu kimoja: kumwuliza aliyeumia neno lake, kwa luga anayoisikia.