Zawadi Haiamriwi

Wahenga walisema, hiari yashinda utumwa. Kaka yangu figo zake zimekufa, nami najitayarisha kumpa moja yangu. Madaktari walipima damu zetu, wakazichanganya waone kama zitapatana. Wakapima mkojo, moyo na shinikizo langu la damu, wakapiga picha figo zangu mbili. Kwani zisipolingana nguvu, mtoaji huachiwa iliyo bora.

Lakini kipimo kizito kuliko vyote hakikuhitaji sindano. Daktari aliwatoa nje jamaa zangu, akaniuliza: “Je, wewe mwenyewe wataka?” Akaongeza kuwa nikisita, hata siku ya upasuaji, naweza kukataa, wala hatatoboa siri yangu. Nyumbani wazee walikuwa wamekwisha kukata shauri. Pale ndipo nilipoulizwa mara ya kwanza. Nikajibu, “Nataka.”

Mwaka 1954, mjini Boston, Ronald Herrick alimpa pacha wake figo. Mwenyewe akaishi hadi 2010. Sheria yetu Uganda ya mwaka 2023 yakataza kuuza viungo. Basi, ndugu wasomaji, figo hainunuliwi. Nasi jamaa tusiiamuru. Tumwombe mtoaji, kisha tumwache ajibu.