Mizani ya Ugenini

Wazee husema kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Methali hii hutajwa kwa wagema, lakini humhusu kila fundi aishiye kati ya watu wamjuao na kumsifu. Hodari wa kijiji hujiita hodari kwa sababu amewashinda majirani zake wote. Neno hilo ni la kweli, tena ni la heshima. Lakini majirani hao ni wangapi, na wao wamemshinda nani? Swali hili ni gumu katika kila kazi ya mikono na ya akili. Katika mchezo wa sataranji ni gumu zaidi, maana mchezo huo una hesabu yake, na hesabu hiyo haimstahi mtu.

Jina lenyewe la sataranji ni jina la safari. Mchezo ulianza India, yapata karne ya 6, ukiitwa chaturanga. Waajemi wakautamka chatrang, Waarabu shatranj, na Waswahili wakaulainisha kwa irabu zao. Msomaji aliyelelewa karibu na baraza la bao atapendezwa na jambo moja. Ubao wa sataranji una nyumba 64, na vipande vinavyochezwa juu yake ni 32. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, na kete zake ni 64. Sadfa hii ni ya idadi tu, kwa kuwa michezo hii miwili si ya ukoo mmoja, na tofauti yao hudhihirika zaidi katika namna wanavyopimwa mafundi wake. Fundi wa bao hupimwa kwa kumbukumbu ya baraza: waliomwona husimulia, na waliosimuliwa huamini. Mcheza sataranji hupimwa kwa tarakimu, na tarakimu hiyo husomwa na watu wa mbali wasiopata kumwona hata siku moja.

Tarakimu hizo huitwa alama za Elo, kwa jina la Arpad Elo, mwalimu wa fizikia aliyezaliwa Hungaria na kufanya kazi Marekani. Shirikisho la Sataranji la Dunia, lijulikanalo kwa herufi FIDE na lililoanzishwa Paris mwaka 1924, lilipokea kanuni yake mwaka 1970. Kanuni hiyo ni nyepesi kuieleza. Wachezaji wawili wenye alama sawa wakikutana, hutazamiwa kugawana ushindi nusu kwa nusu. Mmoja akimzidi mwenziwe kwa alama 200, hutazamiwa kupata robo tatu ya pointi, na zaidi kidogo. Afanyaye vizuri kuliko alivyotazamiwa huongezewa alama. Afanyaye vibaya hupunguziwa. Wachezaji wawili wazima wenye alama 1800 kila mmoja wakicheza, mshindi hupata 10 na mshindwa hupoteza 10.

Hapa ndipo lilipo fundo la jambo lenyewe. Alichopata mmoja ndicho alichopoteza mwenziwe. Basi wachezaji wa mji mmoja wakichezana wao kwa wao mwaka baada ya mwaka, alama zao huwa kama fedha ya kijiji kisicho na njia ya kwenda sokoni. Leo fedha imo mkononi mwa mvuvi, kesho kwa mkulima, keshokutwa kwa fundi seremala, kisha hurudi kwa mvuvi. Wote wanaweza kufanya kazi kwa bidii na kuongeza ujuzi wao, lakini jumla ya fedha haiongezeki. Kijana aweza kusoma vitabu, akakesha na ubao, akawa hodari maradufu ya alivyokuwa. Na wenziwe wakifanya kama yeye, hesabu yao itabaki pale pale. Mgeni atazamaye orodha atasema kwamba katika mji ule hapana mchezaji. Orodha haikusema uongo kwa makusudi; imepima kwa mawe ya mizani yaliyokuwamo, na mawe yote yalikuwa ya nyumbani.

FIDE yenyewe iliona kwamba alama za chini zilikuwa zimeshuka mno, na mwezi wa Machi mwaka 2024 ikawaongezea wachezaji wote waliokuwa chini ya 2000. Aliyekuwa na 1500 akawa na 1700. Dawa hiyo ilikuwa njema, lakini ni dawa ya homa. Ugonjwa ni ule ufinyu wa kukutana.

Mambo huwa mazito zaidi katika vyeo. Ili mtu aitwe Bingwa wa Kimataifa kwa njia ya kawaida, hana budi kufikia alama 2400, na pia kuonyesha kiwango cha juu katika mashindano kadha wa kadha, michezo isiyopungua 27 kwa jumla. Katika kila shindano la namna hiyo, theluthi moja ya wapinzani wake yapasa wawe na cheo hicho au kikubwa zaidi, na kwa kawaida baadhi yao wawe wageni kutoka nchi nyingine. Yafaa msomaji azingatie maana ya sharti hili. Nchi isiyokuwa na wenye vyeo haiwezi kumpa mtu wake cheo nyumbani, hata kama mtu huyo ni hodari namna gani. Mlango hufunguliwa kutoka nje.

Amon Simutowe wa Zambia ni shahidi wa jambo hilo. Mwaka 2000 alikuwa wa pili katika mashindano ya vijana wa dunia nzima yaliyofanyika Yerevan. Juu ya uhodari huo, hatua ya mwisho ya kumfikisha kwenye cheo kikubwa kupita vyote, kile cha grandimasta, aliitimiza mwaka 2007, na cheo kikathibitishwa mwaka 2009; akawa wa kwanza kukipata miongoni mwa watu wa kusini mwa Sahara. Hatua hiyo hakuitimiza Ndola wala Lusaka. Aliitimiza Arnhem, katika Uholanzi.

Je, asiyeweza kwenda Uholanzi afanye nini? Jibu ni mashindano ya jirani. Ulimwengu wa sataranji umegawanywa katika kanda, na kila ukanda una shindano lake, ambamo mchezaji aliyefanya vizuri hutunukiwa cheo moja kwa moja, bila kuzunguka dunia akitafuta sifa zile. Mbali na hayo yako mashindano ya wazi, kama yale ya Kenya yafanyikayo Nairobi, ambayo mchezaji wa Kampala huyafikia kwa basi la usiku, mwendo wa kilometa zipatazo 650. Kwa mtazamaji, hayo ni mashindano madogo yasiyotajwa katika magazeti makubwa ya dunia. Kwa mchezaji, ndiyo njia ya kijiji kwenda sokoni.

Mfano mmoja unajulikana kwa watu wengi. Katika Katwe, mtaa wa mabanda wa Kampala uliozoea kuingiwa na maji kila mvua inaponyesha, Robert Katende aliwafundisha watoto kandanda, kisha akawaletea ubao wa sataranji wale waliokaa kando wasicheze. Watoto walipata mchezo, na pamoja na mchezo walipata uji. Mwaka 2005 Phiona Mutesi, binti wa umri wa miaka kama tisa, alimfuata kaka yake mpaka hapo kwa ajili ya uji huo. Mwalimu wake wa kwanza katika kusogeza vipande alikuwa mtoto mdogo kuliko yeye, wa miaka 4 tu.

Wakati huo hapakuwa na mtu awezaye kusema watoto wale walikuwa na uzito gani. Walikuwa wakishindana wao kwa wao, na baadaye na wanafunzi wa shule za mjini. Mwezi wa Agosti mwaka 2009, Phiona pamoja na Benjamin Mukumbya na Ivan Mutesasira walipelekwa Juba, mji uliokuwa bado ndani ya Sudan, kushindana na watoto wa nchi nyingine za Afrika. Hawakuwa wamepata kupanda ndege. Walicheza, hakuna hata mmoja wao aliyeshindwa, na wakarudi na kombe. Siku chache zile za Juba zilieleza jambo ambalo miaka minne ya Katwe haikuweza kulieleza.

Waama, mizani ya ugenini haimpendelei mtu. Mwaka uliofuata Phiona alikwenda Khanty-Mansiysk, katika Urusi, kuichezea Uganda katika Olimpiadi ya Sataranji, na huko alishindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda. Lakini mwaka 2012, katika Olimpiadi ya Istanbul, yeye na Ivy Amoko walipata cheo cha Bingwa Mtarajiwa, wakawa wanawake wa kwanza wa Uganda kupewa cheo na FIDE. Cheo hicho hupatikana ama kwa kufikia alama 2000, ama kwa kufanya vizuri katika mashindano makubwa ya ugenini. Njia ya kwanza ilikuwa ndefu mno kwa watu wachezao nyumbani. Ya pili ilihitaji tikiti.

Vivyo hivyo kwa watu wazima. Arthur Ssegwanyi wa Uganda alikata njia kwa kupitia ukanda wake, na mwaka 2015 akaketi Baku katika Kombe la Dunia, mbele ya Anish Giri wa Uholanzi, mmoja wa wachezaji wakubwa wa zama hizi. Alishindwa michezo yote miwili, akatoka katika duru ya kwanza.

Watakuwapo watakaouliza: Je, yafaa kutumia nauli ili mtu akashindwe? Swali hilo si la kubezwa, kwa maana nauli aghalabu hutoka katika mfuko wa mchezaji mwenyewe, na mfuko huo una madai mengine ya haki. Lakini asiyekubali kushindwa si mshindani; na kushindwa kwa sataranji kuna faida ya peke yake. Katika mashindano rasmi kila mchezaji huandika kila hatua, yake na ya mpinzani wake. Aliyeshindwa hurudi nyumbani na karatasi. Wenziwe ambao hawakupata nauli wataikalia karatasi ile, watarudia mchezo hatua kwa hatua, na kuonyeshana mahali kosa lilipoingia. Mtu mmoja amesafiri, na klabu nzima imesoma. Tena alama alizoleta, kama amezileta, hazikai kwake: atazipoteza kidogo kidogo kwa vijana watakaomshinda, na hivyo fedha ya nje itakuwa imeingia kijijini.

Wengine watasema kwamba siku hizi intaneti imeondoa haja ya safari, kwa kuwa kijana wa Tanga aweza kucheza na mtu wa Brazil bila kutoka chumbani. Ni kweli kwamba intaneti imewafundisha wengi ambao wasingepata mwalimu. Lakini michezo hiyo haihesabiwi katika alama za Elo za michezo ya kawaida, wala haileti vyeo vilivyotajwa, na sababu ni nzito. Tangu mwaka 1997, mashine iliyoitwa Deep Blue ilipomshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia, mtu hana uhakika kamili kwamba asiyeonekana anacheza kwa akili yake mwenyewe. Ushahidi wataka watu wawili, ubao mmoja, saa, na mwamuzi.

Kwa hiyo, wale wanaosimamia mchezo huu katika Afrika Mashariki wasihesabu safari ya jirani kuwa ni zawadi ya kumpa bingwa baada ya kazi kwisha. Safari hiyo ni sehemu ya kazi yenyewe. Kuna watoto wanaocheza hivi leo juu ya mbao zilizopasuka pembe, wanaoshindana na majirani zao na kuwashinda, na ambao tarakimu zao husema kwamba si kitu. Huenda tarakimu hizo ni za kweli, na huenda si za kweli. Nyumbani hapana wa kuwajibu.