Unanunua Betri, Si Gari

Wanaouza magari ya umeme Nairobi hupenda kuanza na bei ya mafuta, na siwalaumu. Septemba 2023 lita ya petroli hapa ilipita shilingi 211. Mimi naendesha teksi. Nina Toyota ya petroli na Nissan Leaf ya mtumba kutoka Japani, na kwa hesabu hiyo Leaf inashinda bila ubishi. Toyota kwenye foleni hunywa lita kama 8 kwa kilomita 100. Kwa petroli ya shilingi 180, hizo ni 1,440. Leaf hula yuniti 17 za stima, tuseme 510 ukihesabu yuniti kwa shilingi 30. Oili ya injini na plagi haina kabisa.

Shaka yangu ni betri. Tangi la Toyota ya 2010 bado linabeba lita zilezile. Betri ya Leaf hupungua, uiendeshe usiiendeshe, na kwa kuwa haipozwi kwa maji, joto huila haraka. Mwaka 2012 wenye Leaf wa Arizona, Marekani, kwenye joto kali, walilalamikia hilo hadi mahakamani. Nairobi tuna baridi ya kutosha. Ndugu zangu wa Mombasa, pimeni kwanza.

Kwenye dashibodi kuna vijiti 12 vya afya ya betri. Cha kwanza hakizimiki mpaka betri ipoteze kama asilimia 15, kwa hiyo vijiti vyote kuwaka si ushahidi wa uzima. Tena kuna wajanja wanaoviwasha upya kwa kompyuta, gari linauzwa, baada ya muda vinaanza kuzimika kimoja kimoja. Nenda yadi na kile kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani, soma asilimia halisi kwenye simu, kisha uliendeshe gari kwa mwendo wa kutosha. Muuzaji akikataa, ondoka.

Kuhusu umbali, Leaf ya kilowati-saa 40 ilitangazwa Japani kuwa inakwenda kilomita 400. Kipimo cha Marekani kwa gari hilohilo ni kama 243, na hicho ndicho ninachokiamini. Ukishuka kwenda Mai Mahiu gari linajichaji lenyewe, raha tupu; ukipanda kurudi Limuru unalipa deni na riba yake. Mombasa naenda na Toyota.

Mafundi wengi wa gereji za Grogan, hapa Nairobi, huziogopa zile nyaya za rangi ya chungwa za betri kubwa, na wana haki: zinabeba volti 350 na zaidi. Cha kuchekesha, kinachoweza kukulaza njiani ni ile betri ndogo ya volti 12. Ikifa, kubwa imejaa lakini gari haliwaki.

Kama una maegesho na soketi yako nyumbani, na kazi yako ni ya mjini, chukua ya umeme. Kama umepanga ghorofani na gari linalala nje ya geti, baki na petroli kwa sasa, maana vituo vya kuchaji haraka ni vichache na plagi ya kuchaji ya Leaf si ile ya magari mengi mapya.